Hamira ya Maskati

Mliokuwa nami wiki iliyopita mliniacha stoo nimelipindua kopo la hamira, nasoma tarehe iliyopigwa muhuri kwenye kitako chake. Kwa wale ambao gazeti lilifungiwa samaki kabla hamjalisoma, nasimulia kwa pumzi moja.

Mume wangu Sabu yuko Maskati. Visa yangu imetoka, nimfuate. Pasipoti yangu imo ndani ya sanduku la mbao la mama mkwe, ufunguo wa sanduku uko kiunoni mwa mama mkwe, na mama mkwe mwenyewe, Eliamma, alisema hivi: "Utakwenda kwa mumeo, nani amekukataza? Ila kwanza mtoe wifi yako. Tengeneza divai ya uchumba wa Binsi. Ikikubali, ufunguo huu hapa."

Divai ya nyumba hii ni ya zambarau za uani, na kila binti wa hapa huposwa kwayo. Mkono unaoianza ndio unaoimaliza. Mwingine akifunua kitambaa cha mtungi, wanasema, divai inageuka siki. Basi mkono ukawa wangu. Nilikamua zambarau mpaka kucha zikawa nyeusi, nikatia sukari, iliki, karafuu na konzi ya ngano.

Hamira aliitoa Mama mwenyewe kwenye kabati la kioo la sebuleni. Humo ndimo vinamokaa vitu vya Uarabuni alivyoleta Sabu, ambavyo wageni huviona na sisi hatuvigusi: sabuni zilizokauka mpaka zikapasuka, maziwa ya unga yaliyogeuka jiwe, manukato ambayo hayajawahi kunusa kwapa la mtu. Kila nyumba ya kijiji chetu yenye mtoto Uarabuni ina kabati kama hilo, na kila nyumba inasubiri siku kubwa ya kulifungua.

"Ya Maskati," Mama alisema, amelishika kopo kwa mikono miwili. "Kwa binti yangu sitii hamira ya duka la Pappachan. Mimina yote."

Nikamimina yote. Siku zikapita, mtungi haukutoa hata pumzi. Ndipo nikalipindua kopo, nikakuta hamira ile muda wake ulikwisha mwaka nilioolewa. Na kabla sijajua nicheke au nilie, nikasikia kigoda kikiburutwa ukumbini.

Mama alikuwa anakuja kuusikiliza mtungi.

Kwetu divai haionjwi kabla ya siku yake, inasikilizwa. Ikiwa hai, inanong'ona. Ikiwa imekufa, hata kiziwi anajua.

"Sogea," aliniambia.

Nikalitumbukiza kopo ndani ya upindo wa nguo kiunoni, nikasogea. Akaweka kigoda, akafunga kitambaa chake cha kichwa nyuma ya shingo, akabandika sikio kwenye tumbo la mtungi. Nikamwona anakunja uso. Nikaona pasipoti yangu inazeeka sandukuni.

Hapo mvua ikafunguka.

Wasomaji wangu, mimi ni mtu wa kusali kwa mkato, na Mungu hajawahi kunijibu upesi kiasi kile. Stoo yetu ina paa la bati. Mvua ile ilipiga mpaka sufuria za rafuni zikatetemeka.

"Unasikia, Mama?" nilimuuliza kwa sauti kubwa.

"Nasikia bati!"

"Inachemka, Mama! Asubuhi mimi niliisikia!"

"Inasemaje?"

Nani aliwahi kuulizwa swali kama hilo? "Inasema kama mafuta yanayopata moto!"

Akaninyanyulia macho, kisha akachukua kigoda chake. "Nitarudi mvua ikikatika."

Nilibaki na mtungi wangu, na kopo linanichoma kiunoni. Tangu niolewe nilikuwa sijadanganya katika nyumba ile isipokuwa kuhusu chumvi. Sasa nilikuwa nimedanganya kuhusu divai ya uchumba, tena kwa kupiga kelele.

Mtasema: si ungeenda kununua hamira nyingine? Ahsanteni kwa ushauri. Mto ulikuwa umepanda barabarani, na duka la Pappachan liko bondeni. Hamira zake siku hiyo zilikuwa zinaogelea pamoja na viatu vyake. Na hata pangekuwa pakavu, Pappachan ni mdomo. Ningenunua pakiti moja, nikafika nyumbani, nikakuta Mama tayari anajua rangi yake.

Chini maji, ndani mama mkwe. Upande mmoja tu ulibaki, nao ulikuwa juu mlimani, ng'ambo ya ua wa mihogo: minazi ya jirani, na mtu juu yake.

Kwa kawaida upande huo mimi situpi hata jicho. Baba mkwe, mzee Kurian, alikufa kwa ulevi. Alikunywa tembo mpaka akauza shamba la mpira, kisha akanywa shamba. Siku ya arobaini yake Mama alipiga magoti mbele ya picha ya Mtakatifu Yohana Mbatizaji, akaweka nadhiri: tone la kileo cha mgema wala cha dukani halitavuka tena kizingiti chake. Divai ya zambarau haimo katika hesabu hiyo, kwa sababu, anavyosema mwenyewe, divai ni ya Bwana na tembo ni la Kuttappan mgema.

Nikajifunika jani la mgomba, nikapanda kwa Kuttappan.

"Kuttappan!"

"Nani anamwita mtu aliye karibu na Mungu?" Sauti ilitoka kwenye makuti.

"Shuka."

Akatazama chini. Nikasikia kicheko kabla sijaona miguu. "Ala! Dada wa nyumba ya Eliamma! Leo jua limechomoza upande gani?"

"Jua halijachomoza hata kidogo, huoni mvua? Shuka."

Akateremka na kibuyu chake, kisu mgongoni, maji yanamchuruzika ndevuni. Ni mtu mzima, ana wajukuu, lakini mdomo wake haujakua.

"Nataka tembo kidogo," nilimwambia. "La kuumulia unga wa vibibi."

"La vibibi!" Alicheka mpaka akaushika mnazi. "Nyumba hiyo haijaumua vibibi kwa tembo tangu tumzike mzee. Siku hizi mama mkwe wako anaviumua kwa nini, kwa maombi?"

"Kwa hamira."

"Basi si mtumie hamira."

"Imekufa."

"Na hamira nayo hufa?"

"Kuttappan, hapa kijijini kila kitu hufa isipokuwa maswali yako. Utanipa au hunipi?"

Akanitazama, na macho yakaacha kucheka. Akaziona kucha zangu. Zambarau haitoki kwa sabuni, na kijiji kizima kilijua kwamba Binsi anaposwa.

"Vibibi," alisema taratibu. "Haya. Basi usichukue la juu. La juu ni la walevi. Chukua mashapo ya chini, ndiyo yenye nguvu." Akanimiminia kwenye chupa, likatoka zito, jeupe, linatoa povu hata kabla ya kutikiswa.

"Na usimwambie mtu."

"Dada, mimi siri za watu naziona kutoka juu kila siku. Ningekuwa nasema, kijiji hiki kisingebakiwa na ndoa moja."

Nilirudi na chupa chini ya jani. Kizingitini nikasimama. Mguu mmoja nje, mmoja ndani. Nilimwona Mtakatifu Yohana ukutani, na taa yake nyekundu. Nikamwambia kimoyomoyo: wewe ulikula nzige, utanielewa. Nikavuka.

Stoo nilifunua kitambaa, nikamimina mashapo yote, nikakoroga kwa mwiko upande mmoja tu kama nilivyofundishwa, nikafunga. Nikaosha chupa mara tatu. Nikajiosha mikono mpaka viwiko. Harufu ilibaki, au ilibaki kichwani mwangu.

Kesho yake sikuhitaji kubandika sikio.

Nilifungua mlango wa stoo na kukuta kitambaa kimevimba juu ya mdomo wa mtungi, na povu la zambarau linatiririka ubavuni, linatafuta njia ya kwenda ukumbini. Mtungi ulikuwa haunong'oni, ulikuwa unagomba. Nilivua mtandio, nikaanza kupangusa sakafu nikiwa nimepiga magoti, nacheka peke yangu. Wiki nzima nilikuwa nimeomba kuisikia sauti ile, na sasa nilikuwa naiomba inyamaze.

"Kuna nini humo?"

Mama. Mlangoni. Na mvua, msaliti yule, ilikuwa imekatika.

"Imechemka, Mama! Njoo usikie!"

Hakukaa hata kwenye kigoda. Alisimama, akausikiliza mtungi kutoka mlangoni, na mimi nikasubiri afurahi. Mjue kitu hiki, maana nitakirudia: hakufurahi. Uso wake ulishuka. Akashika nguzo ya mlango.

"Imechemka," alisema.

"Ndiyo, Mama."

"Kwa hamira ile ile?"

"Kwa ile ile uliyonipa."

Akaitikia kwa kichwa, akaenda zake, na ufunguo unalia kiunoni. Nilidhani ni uzee. Nilidhani ni uchungu wa binti kuondoka. Nilidhani vitu vingi, na vyote vilikuwa vya mtu mjinga.

Divai ikatulia, nikaichuja, nikairudisha mtungini ikawa nyeusi na safi, na siku ya uchumba ikafika.

Walikuja kwa magari matatu wakitoka kanisani. Bwana harusi mtarajiwa ni kijana mpole wa kazi ya benki huko kaskazini, hupata likizo mara moja kwa mwaka, na hakusema hata anachokipenda. Aliyesema ni bibi yake, Thankamma. Nyumbani kwao hakuna anayepumua kabla Bibi Thankamma hajavuta hewa. Alisoma darasa moja na Mama, na tangu darasa hilo wameshindana kwa kila kitu: achari, watoto, machozi ya Ijumaa Kuu. Ila ulevi hawashindani. Bibi Thankamma ndiye aliyefunga vilabu viwili vya tembo parokiani kwao, kwa kukaa mlangoni na rozari mpaka walevi wakaona haya.

Niliileta divai kwenye sinia. Mikono ilinitetemeka, vikombe vikagongana.

"Nani alianza mtungi?" Bibi Thankamma aliuliza.

"Mke wa Sabu," Mama alijibu.

"Si wewe?"

"Mimi mkono unatetemeka siku hizi."

"Wake nao unatetemeka, namwona hapa." Watu wakacheka. Akachukua kikombe, akanusa. Akanusa tena. Akapiga funda moja, akafumba macho.

Binsi, kwenye sari yake mpya, alinishika kidole kwa nyuma, akakiminya mpaka kikauma.

Bibi alifumbua macho. Yalikuwa na maji.

"Eliamma," alisema. "Tangu ujana wetu nakunywa divai yako na kuisema vibaya nikifika nyumbani. Leo sina la kusema. Hii ina uhai. Hii inapanda puani kama kitu cha peponi! Njoo hapa, mwanangu."

Nikaenda. Akaushika mkono wangu wenye kucha nyeusi, akaubusu mbele ya watu. Waswahili husema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi nilisifiwa bila kupanda hata mnazi mmoja, na nilikuwa nimekwisha kulitia zambarau.

Nilimtazama Mama. Alikuwa na kikombe mdomoni. Alikunywa funda moja tu, akakiweka chini, akakifunika kwa kiganja. Hakunitazama.

Kwangu mimi, jambo lilikuwa limekwisha. Divai imekubali, ufunguo ule pale, Maskati ile kule. Nilishaanza kupanga sanduku kichwani, nguo gani juu, achari gani katikati.

Bibi Thankamma akapiga sinia kwa pete yake.

"Basi sikilizeni. Harusi tuliisema Januari. Naibadilisha. Mtungi mmoja tumeumaliza watu thelathini, na harusini tutakuwa elfu. Na Januari hakuna zambarau. Kijana wangu atachukua likizo mwakani msimu wa zambarau, na divai ya harusi itakuwa hii hii, ya mkono huu huu. Bila mkono huu siji. Unasemaje, Eliamma?"

Nikafungua mdomo. "Bibi, mimi mwezi ujao..."

"Anasema ni heshima kubwa," Mama akadakia. "Mkono huu hauendi mahali. Hilo ni neno langu."

Watu wakapiga makofi. Padri akabariki. Binsi akaninong'oneza sikioni, pumzi yake moto: "Wifi, tafadhali. Usinivunjie. Wewe huyu bibi humjui."

Visa haingoji zambarau. Imeandikwa tarehe yake ya mwisho, nayo si ya mwakani. Nilipiga makofi pamoja na wenzangu, nifanye nini?

Magari yalipoondoka, nilikuwa jikoni naosha vikombe. Mama aliingia, akafunga mlango nyuma yake, akasimama karibu yangu kama mtu anayetaka kunisaidia kufuta.

"Ni la Kuttappan," aliuliza, "au la mgema mwenzake, Raghavan?"

Kikombe kikaniponyoka, kikazama kwenye beseni.

"Kitu gani, Mama?"

"Usiniulize kitu gani. Harufu ile nimelala nayo kitanda kimoja tangu niolewe mpaka nilipomzika Kurian. Thankamma hawezi kuijua, yeye amewafukuza walevi, hajawahi kulala nao. Mimi naijua hata ikivaa zambarau."

Sikuwa na pa kukimbilia. Nyuma yangu jiko, mbele yangu yeye. Basi hasira ikanitoka badala ya machozi.

"Hamira ilikuwa imekufa!" nilisema. "Ile uliyonipa wewe! Ya kabatini! Ningefanya nini, mbele ya wakwe nitoe maji ya zambarau? Tazama hapa!" Nikalichomoa kopo nililolificha nyuma ya gunia la mchele, nikampindulia kitako. "Soma!"

Hakulitazama.

"Najua," alisema.

"Unajua nini?"

"Kwamba imekufa. Pasaka niliipikia mkate. Ukatoka jiwe. Niliwatupia bata, wakaususa. Nikalifunga kopo vizuri, nikalirudisha kabatini."

Mtu anaweza kusikia maneno yote na bado asiyaelewe. Niliyasikia, nikayarudia moyoni, ndipo yakaniingia.

"Ulijua, ukanipa?"

"Nilikupa."

"Nishindwe?"

Mama akakaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi. Nilimwona mdogo kuliko nilivyozoea kumwona.

"Ushindwe, ubaki ujifunze. Ndivyo nilivyotaka. Binsi anaolewa. Sabu hajakaa nyumba hii mwaka mzima tangu aote ndevu. Ukienda na wewe, Sosamma, mimi nitaongea na nani? Na bata?"

Nilimhurumia. Hilo ndilo lililonikera zaidi, kwamba nilimhurumia. Kama angekuwa mbaya tu, kazi ingekuwa nyepesi.

"Sikushindwa," nilisema. "Ulisema ikikubali, ufunguo huu hapa. Imekubali. Nipe."

"Ikikubali kwa hamira. Hii imekubali kwa tembo." Aliinuka. "Umevusha tembo kwenye kizingiti changu, chini ya picha ya Mtakatifu. Padri sitamwambia. Thankamma sitamwambia, maana akijua alichokibusu leo, kesho pete ya Binsi inarudishwa kwenye bahasha. Nitanyamaza. Na wewe utanyamaza. Na mwakani utakamua zambarau."

"Ingeharibika, nabaki. Imekubali, nabaki."

"Sasa umeelewa," alisema, wala hakusema kwa ukali. Alinipangusa shavu kwa ncha ya nguo yake, palipokuwa na povu la sabuni.

Hapo simu ikalia sebuleni.

Ilikuwa Jumapili, na Jumapili baada ya chakula ni saa ya Sabu. Mama alitangulia, mimi nyuma, mikono inachuruzika. Akaipokea yeye, kama kawaida.

"Mwanangu! Ndiyo. Yamekwenda vizuri sana. Wamefurahi. Thankamma amelia! Ndiyo, mkeo yupo. Ana neno la kukwambia." Akaufunika mkonga wa simu kwa kiganja, kile kile alichofunikia kikombe. "Mwambie mwenyewe kwamba huendi. Kwako ataamini."

Akanipa simu. Hakuondoka. Alisimama ubavuni mwangu, sikio lake karibu na langu, kama alivyousikiliza mtungi.

"Sosa?" Sauti ya Sabu ilikuja na mwangwi wake. "Sosa, nimekata tikiti! Ijumaa ya wiki ya pili ya mwezi ujao. Chumba nimepata, kina dirisha. Nimenunua hata sufuria, unasikia? Mama anasema una neno. Neno gani?"

Nilitazama kabati la kioo. Mahali pa kopo palikuwa wazi, duara safi katikati ya vumbi.

"Sosa? Upo?"

"Nipo."

"Basi sema. Sekunde zinakwenda."

Mama alinigusa kiwiko. Nikavuta pumzi, na ninyi mnaonijua mnajua kwamba pumzi yangu ikishavutwa hairudi ndani bila kitu.

"Sabu," nilisema, "divai ya uchumba wa dada yako nimeiumua kwa tembo la Kuttappan, kwa sababu mama yako alinipa hamira mfu, na alijua kwamba imek..."

Kidole cha Mama kilibonyeza kitako cha simu. Sikio langu likajaa mlio mtupu. Sikujua Sabu alisikia mpaka neno gani.

Tulitazamana, mimi na mkonga, yeye na kidole chake juu ya kitako. Ndipo nyuma yetu vitu vikagongana, vile vile vilivyogongana mikononi mwangu mchana. Ni vikombe juu ya sinia.

Binsi alikuwa mlangoni, na sari yake mpya, na pete yake kidoleni. Weupe wa macho yake ulionekana wote.

"Mama," alisema. "Leo nimewanywesha nini wakwe zangu?"

Simu ikaanza kulia tena, chini ya kidole cha Mama, na hakuna kati yetu watatu aliyeipokea.